Linux ilipoijibu PostgreSQL “sawa”

Tangu 2011 Kenya hukusanya takwimu za vituo vyake vya afya kupitia mfumo wa kompyuta wa DHIS2, na ripoti za Kakamega zimo humo. DHIS2 huhifadhi data kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, kwa hiyo kisa cha 2018 kinawahusu watu wa huku Kakamega pia.

Mwaka huo Craig Ringer aliwafichulia wenzake wa PostgreSQL jambo la kuudhi. Linux hupokea data kwanza kwenye kumbukumbu, katika vipande viitwavyo kurasa, na kuipeleka diskini baadaye. Hifadhidata inayotaka uhakika huita fsync: je, imefika? Diski ikigoma, Linux hurudisha kosa, lakini haiahidi kulirudia. Kurasa zile huhesabiwa kuwa safi ingawa hazikuandikwa popote. PostgreSQL, kwa imani yake, iliuliza tena, ikajibiwa kuwa mambo ni shwari, kisha ikaendelea kana kwamba data iko salama. Kwa karibu miaka 20 waandishi wake walidhani kuuliza tena kunatosha!

FreeBSD ilikuwa na adabu zaidi: kurasa zilizoshindikana hubaki zikisubiri kuandikwa.

Hili si suala la stima kukatika, maana kwa hilo PostgreSQL ina daftari la miamala. Februari 2019, toleo la 11.2 lililigeukia daftari hilohilo: fsync ikishindwa, hifadhidata hujizima kwa makusudi, na ikiamka hurudia kazi kutoka humo. Dawa kali, ila ya haki. Msimamizi wa seva akiwasha mpangilio wa data_sync_retry, tabia ya zamani hurudi.