Penye Miti Hapana Wajenzi

Kila mwaka, vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya huwa na likizo yao ndefu ya majira ya joto. Baadhi ya wanafunzi wao hufunga virago wakaja kulala hemani katika nyika zetu, ili wajifunze namna ya kuyafukua yaliyopita. Shule za nyanjani za akiolojia, kama ile ya Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, zimewafunza vijana wa kigeni kwa miongo kadhaa. Swali ninalokusudia kuwauliza walimu na wanafunzi ni hili: je, vijana wetu wako wapi?

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuzuru kambi moja ya aina hiyo humu nchini. Mimi si mwanaakiolojia. Taaluma yangu ni isimu. Nilitarajia kuona mashimo na mifupa, nikaona zaidi ya hayo. Kabla ya jua kuchomoza kila mtu alikuwa na zamu yake: huyu kuteka maji, yule kusugua sufuria, wengine kupanga vifaa. Maji ya kuoga yalipimwa kwa kopo. Kisha mchana kutwa walipiga magoti ndani ya mraba uliozungushiwa uzi, wakikwangua udongo tabaka baada ya tabaka, wakiuchekecha, na kuandika kila kipande kilipatikana wapi na katika kina gani. Waama, kipande kilichong'olewa bila kuandikiwa mahali pake ni sawa na neno lililochomolewa katika sentensi: umbo hubaki, maana ikapotea.

Jioni, kando ya moto, niliwahesabu wanafunzi. Walizidi ishirini, Wakenya walikuwa wawili tu. Wenzetu wengine waliokuwapo walikuwa wapishi, madereva na wachimbaji. Wachimbaji hao ndio walionifunza mengi. Waliweza kutambua kwa kutupa jicho tu jiwe lililochongwa na mkono wa binadamu na lile lililojivunjikia lenyewe, na waliyaeleza hayo kwa Kiswahili fasaha. Kile kifaa cha kukwangulia udongo walikiita mwiko, kama waashi wanavyouita wao. Lakini maelezo yao hayakuingia daftarini, kwa kuwa daftari lilikuwa la Kiingereza.

Asidhani mtu kuwa ujuzi wa namna hiyo ni mdogo. Marehemu Kamoya Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, hakusomea kazi yake chuo kikuu, aliisomea kambini. Hata hivyo, ni yeye aliyekiona mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, kipande cha kwanza cha mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Bernard Ngeneo naye ndiye aliyeligundua mwaka 1972 lile fuvu mashuhuri lenye nambari 1470. Ni wanafunzi wangapi madarasani mwetu wanaoyajua majina haya?

Najua nitaambiwa habari ya gharama, na ni kweli kwamba ada anayotozwa mgeni haimudu mzazi wa kawaida. Ndiyo maana napendekeza kuwa kila shule ya nyanjani inayokaribishwa nchini itenge nafasi za kutosha kwa wanafunzi wa Kenya bila ada. Vyuo vyetu navyo viyahesabu majuma ya kambini kuwa sehemu ya shahada, ili mwanafunzi asilazimike kuchagua baina ya hema na mtihani. Tena kila kambi, kabla ya kung'oa hema, iiachie jamii jirani ripoti fupi kwa Kiswahili. Istilahi za akiolojia hazitaundwa na wanaisimu ofisini peke yao. Nyingine tayari zimo vinywani mwa wachimbaji, zinasubiri kuandikwa.

Walimu wa shule za upili nao wasingoje. Olorgesailie iko kando ya barabara ya Magadi, na mahali pa kupiga hema papo. Walio pwani wana magofu ya Gede. Walio Nyanza wana Thimlich Ohinga. Wapelekeni wanafunzi, wapime kuta, wachore ramani, wapike pamoja, wasikilize wenyeji. Ila wasichimbe! Sheria ya mwaka 2006 ya makavazi na turathi inadai kibali, na shimo lililochimbwa ovyo huharibu ushahidi usioweza kurudishwa.

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Naona sisi tumebahatika kuwa na vyote viwili, miti na wajenzi. Kosa letu ni kuwaachia wajenzi wetu sufuria na usukani, huku wageni wakishika daftari na kalamu. Tuwape na wao kalamu.