Haki ya Mtoto Haiishii Mlangoni pa Wodi

Mtoto wa mvuvi wa Ziwa Jipe akizidiwa hupelekwa mbali, Same au Moshi. Tabibu hutibu mguu. Hofu ya mtoto humwachia nani? Humwachia mama, ambaye naye hajaelezwa kitu na (tuseme kweli) pengine hukaripiwa.

Serikali yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Kifungu cha 31 kinamtambulia mtoto haki ya kucheza, wala hakikumtoa aliyelazwa. Huko Cleveland, Marekani, Emma Plank alianzisha mwaka 1955 mpango wa kuwaandaa, kuwafundisha na kuwachezesha watoto hospitalini. Leo kazi hiyo husomewa hadi shahada ya uzamili. Waingereza walihitaji Kamati ya Platt, mwaka 1959, iwahimize kuwafungulia wazazi wodi za watoto. Mama wa Kipare hakungoja kamati.

Kwa hiyo tunacho cha kuanzia. Tunadai vyuo vyetu vya tiba viifundishe taaluma hii kwa kiwango hicho hicho, na wahitimu waajiriwe kwa mshahara, si kwa huruma. Anayeiita anasa na aende akamshike mtoto anayesafishwa kidonda cha moto.