Jeni haisemi, wala kiashiria si hukumu

Wapo wafasiri wanaoitwaa istilahi ya kisayansi ya Kiingereza na kuigeuza neno kwa neno. Hivyo ndivyo mtu anavyofikia kuandika "usemi wa jeni". Msomaji ana haki ya kuuliza: jeni husema nini, na humwambia nani?

Kwa hakika jeni haisemi, hutenda. Binadamu ana takriban jeni 20,000 zenye maagizo ya kuunda protini, lakini katika seli yoyote ile baadhi huwa macho na nyingine zimelala. Chukua mfano wa jeni ya alfa-fetoprotini. Hufanya kazi kwa bidii katika ini la mtoto aliye tumboni, kisha hulala baada ya kuzaliwa. Mnamo 1963 Garri Abelev na wenzake, huko Moscow, waliikuta protini hiyo katika panya wenye saratani ya ini. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta katika damu ya binadamu wenye maradhi hayo. Jeni iliyolala ilikuwa imeamshwa. Kwa nini basi tusiseme "utendaji wa jeni"?

Istilahi ya pili ina hatari zaidi. Vipimo vya utendaji huo huitwa na wengine "alama za utabiri". Lakini utabiri katika Kiswahili una harufu ya nyota na ramli. Mnamo 2008 Yujin Hoshida na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliopasuliwa saratani ya ini. Utendaji wa jeni 186, tena katika ini lililouzunguka uvimbe wala si katika uvimbe wenyewe, ulihusiana na muda walioishi. Matokeo hayo ni ya kundi. Huonyesha nani yumo katika hatari kubwa zaidi na anahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Hayataji siku ya mtu kufa. Napendekeza "kiashiria cha mwelekeo wa ugonjwa".

Yamkini baadhi watasema haya ni mabishano ya wanaisimu tu. La hasha! Mgonjwa aliyeelewa kwamba ameelezwa hatari atarudi kliniki. Aliyedhani amesomewa hukumu huenda akarudi nyumbani kungoja mauti.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akileta istilahi mpya, tumwulize kwanza kitu chenyewe hufanya nini. Jina litafuata.