Nani Mwenye Kusema "Tokeni"?



Ndugu wasomaji, likizo iliyopita baadhi yetu mafrateri tulipelekwa kwenye parokia za machimbo, upande wa Geita na Shinyanga, kusaidia katekesi na kutembelea jumuiya ndogo ndogo. Tulirudi na habari moja ambayo imetusumbua hata darasani. Tunaiandika hapa kwa sababu tunaona inatuhusu sisi tunaoandaliwa kuwa viongozi, si wachimbaji peke yao.

Kijana mmoja wa jumuiya tuliyokuwa tukisali nayo alifanya kazi kwenye duara la dhahabu. Siku moja akiwa chini na wenzake sita aliona udongo laini ukichuruzika nyuma ya matimba, na gogo moja limeanza kupinda. Akapanda juu kumwambia msimamizi. Msimamizi akasema hana ruhusa ya kusimamisha kazi. Anayeamua ni mwenye duara, naye yuko Mwanza na simu yake haipatikani. Kijana akamuuliza, "Sasa kaka, tukisubiri simu ipatikane, udongo nao utasubiri?" Hakujibiwa. Akashuka kuwaita wenzake. Wanne wakatoka naye, wawili wakabaki.

Siku ile duara halikuanguka, na hilo ndilo lililomponza. Mawe yalipogawanywa wiki iliyofuata, yeye na wale wanne hawakupewa hata mfuko mmoja. Kosa lao: kuacha kazi bila amri. Wawili waliobaki chini walipata fungu lao na nyongeza juu yake.

Kwa wasiojua maisha ya machimboni, tueleze kidogo uongozi wa kule ulivyopangwa. Juu kabisa yuko mwenye leseni. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imeweka leseni ya uchimbaji mdogo kwa ajili ya Watanzania, na mwenye leseni mara nyingi hachimbi mwenyewe. Anawakaribisha wenye maduara. Hao ndio wanaotoa mtaji: magogo ya matimba, pampu ya maji, kampresa, baruti, unga na maharage ya wafanyakazi. Mwenye duara naye anamweka msimamizi. Chini ya msimamizi wako wachimbaji wenyewe, wanaoshuka kwa zamu, na wanaovuta mawe kwa kamba au kwa winchi. Pembeni wako wenye makarasha, na akina mama wanaookota na kuponda mabaki. Mchimbaji kwa kawaida hana mshahara. Analipwa kwa mgao wa mawe, na mgao huo unatofautiana machimbo kwa machimbo, lakini kote tulikopita fungu lake linatoka baada ya wakubwa kuchukua yao.

Mtu asidhani machimboni ni vurugu tupu isiyo na utawala. Utawala upo, tena mkali. Ila umejengwa kwa ajili ya kushusha amri na kupandisha mawe. Habari ya gogo lililopinda haina ngazi yake ya kupandia, na anayeiona kwanza ni yule wa mwisho kabisa katika mlolongo.

Kule Mererani, kwenye tanzanaiti, wachimbaji wanaitwa wanaapolo, jina lililotokana na safari za Apollo, zile za Wamarekani kwenda mwezini. Sisi tulilicheka jina hilo mwanzoni, kisha tukaona lina akili. Anayeshuka shimoni ameachana na dunia kama aliyepanda angani: hewa yake inategemea bomba, kurudi kwake kunategemea kamba, na anayempa amri hayupo pale. Wengi wetu tumekua tukitazama filamu za vituo vya angani ambako kamanda anatoa amri na kila mtu anaitika. Basi kipo kituo halisi, Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho watu wamekaa humo bila kukatika tangu Novemba 2000. Nacho kina kamanda, na huku duniani kuna mkurugenzi anayesimamia shughuli za kila siku na kuwaelekeza walioko juu. Utii wao ni wa hali ya juu kuliko wa jeshi nyingi. Lakini moshi ukionekana, yeyote aliyeuona kwanza anabonyeza kengele, awe mgeni wa juzi au mzoefu, na wote wanaacha walichokuwa wakifanya. Hakuna anayeulizwa alipata ruhusa kwa nani. Ikitokea kengele ilikuwa ya bure, wanarudi kazini, na chakula chake cha jioni hakipunguzwi.

Hapa kwetu hatuna haja ya kutazama mbali namna hiyo ili kujua gharama yake. Oktoba 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa, na watano wakaja kutolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa maji ya matone, wadudu na magome ya magogo. Watu walikwisha kata tamaa juu yao. Januari 2017, huko Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 walikaa chini siku kama tatu kabla ya kuokolewa wote. Agosti 2025 ikawa Nyandolwa, Shinyanga, ambako watu 25 walifukiwa. Hatudai kwamba kila mahali hapo palikuwa na mtu aliyeona ufa akanyamazishwa, hatukuwepo. Tunachosema ni kwamba tulikopita sisi, kila tulipouliza "nani hapa anaweza kusema tokeni?", tulionyeshwa kidole kuelekea barabara ya mjini.

Kuna hoja ya upande wa pili, na tuliisikia kwa msimamizi mmoja mwenye umri wa baba zetu. Alituambia, "Wanangu, nikimruhusu kila mwenye hofu asimamishe kazi, hakuna jiwe litakalotoka. Na hao hao vijana, ukiwaambia wasiingie, usiku wanaingia." Hakusema uongo. Januari 2024 katika machimbo ya Ng'alita, mkoa jirani wa Simiyu, watu zaidi ya 20 walikufa baada ya kifusi kuporomoka wakati wa mvua, na viongozi wa mkoa walieleza wakati ule kwamba eneo lile lilikuwa limezuiliwa kuchimbwa. Amri ya kutoka juu ilikuwapo na watu waliingia. Njaa nayo ni bosi, na hatutawapamba wachimbaji kana kwamba wote ni watakatifu.

Hata hivyo tunafikiri mzee wetu amechanganya mambo mawili. Kijana anayeingia usiku kwenye eneo lililozuiliwa na kijana anayetoka mchana kwenye duara linalolia wamefundishwa na mgao ule ule: ukibaki chini unalipwa, ukitoka hulipwi. Ukishamzoesha mtu hesabu hiyo, usishangae akiifuata hata siku usiyotaka. Wasukuma wa zamani katika kazi za pamoja walikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana, naye alikuwa shambani pamoja nao. Jembe likigonga jiwe alisikia. Tatizo letu ni msimamizi aliyepewa cheo bila uamuzi, na mwamuzi asiyekanyaga pale.

Sasa tufike mahali panapotuuma.

Mwenye duara yule ni muumini mwenzetu. Ni mtu mkarimu. Sehemu ya mabati ya kanisa la kigango yametoka mfukoni mwake, na siku za harambee anakaa mbele. Kijana alipokuja kutueleza habari ya mawe yake, tulikuwa watatu pale, tumevaa misalaba yetu shingoni. Tulimwambia avumilie na asali. Hatukumwambia kwamba alifanya sawa. Hatukwenda kwa baba paroko. Mmoja wetu alisema, na tunamnukuu kwa ruhusa yake, "Hili ni jambo la kazi, si la Kanisa." Tukaenda kunywa chai.

Tumefundishwa utii tangu seminari ndogo, na tunaupenda. Siku ya upadrisho tutaweka mikono yetu ndani ya mikono ya askofu. Lakini tunaogopa kwamba baadhi yetu tumejifunza nusu yake tu, ile ya kunyamaza mbele ya mkubwa. Yule akida wa Kapernaumu katika Injili ya Mathayo alijua amri kuliko sisi: yeye mwenyewe alikuwa chini ya wakubwa na alikuwa na askari chini yake. Naye ndiye aliyefunga safari mwenyewe kumwombea mtumishi wake aliyelala mgonjwa nyumbani. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake, anamtaka abati akiwa na jambo kubwa awaite ndugu wote, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia mdogo kilicho bora. Na Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 212, zinawadai waamini utii kwa wachungaji wao, na hapo hapo zinasema kwamba wana haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji mawazo yao kwa heshima. Utii na kusema ukweli vimewekwa katika kanuni moja. Sisi pale tulikosa vyote viwili.

Tunapendekeza nini? Serikali ina wakaguzi wake na Tume ya Madini ina ofisi zake. Hatutaki kuvaa kofia zao. Ila parokia za machimbo zina kitu ambacho mkaguzi hana: mwenye leseni, mwenye duara, msimamizi na mchimbaji wanapeana amani katika misa moja. Kamati ya Haki na Amani iwaite hao wote wakae meza moja na kukubaliana kwa maandishi kwamba yeyote aliye chini akisema tokeni, wote wanatoka, na hakuna anayenyang'anywa mgao kwa sababu hiyo, hata ikionekana baadaye kwamba hofu yake ilikuwa bure. Msimamizi aliyeko pale awe na uamuzi wa kusimamisha kazi bila kupiga simu. Na mlangoni pa kila duara liwepo daftari la majina ya walioshuka, lisimamiwe na mtu asiyeshuka. Daftari moja haligharimu hata bei ya soda mbili pale Katoro.

Baadhi ya waamini watasema tunamdhalilisha mfadhili wa kigango. Tumelifikiria hilo. Ndiyo maana kabla ya kuandika hapa, kwa idhini ya baba gambera na baba paroko, wawili kati yetu walirudi kumwona, wakamweleza uso kwa uso. Aliwapokea vizuri, akawakaribisha ugali na sato. Kuhusu mawe ya wale watano alisema atafikiri. Tarehe 4 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, kutakuwa na misa kigangoni, naye ameombwa kuja mapema, kabla ya misa, wakati wale vijana watano watakapokuwapo.