Bunduki Hazikuwa Sawa Kisii

Makala iliyochapishwa majuzi kuhusu mapigano ya mji wa Kisii, Kenya, ya Septemba 12, 1914 inadai kuwa silaha hazikuamua lolote: Wajerumani na Waingereza wote walikuwa na bunduki za komeo, basi lililobaki lilikuwa moyo mgumu. Sikubali.

Askari wengi wa Kijerumani mwaka ule walibeba Mauser ya 1871. Unainua kishikio, unavuta komeo nyuma, unalaza bunduki ubavu ili ganda lidondoke (haina kifaa cha kulirusha nje), kisha unatia risasi kwa kidole. Moja tu. Ukifyatua, baruti nyeusi inakutolea wingu jeupe kichwani, na aliye kilima cha pili anajua pa kulenga. Risasi za .303 za KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza, hazikuwa na moshi huo. Lee-Enfield yao, nayo ni ya komeo, hubeba risasi 10. Usawa uko wapi hapo?

Halafu mwandishi amewasahau wenye vilima, Wagusii. Januari 1908 Otenyo, Mgusii, alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza. KAR wakajibu kwa bunduki, wakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Mwaka 1914, majeshi yote mawili yalipouacha mji, wenyeji waliingia wakachukua walichokuta. Serikali iliporudi, ng'ombe wakaswagwa tena. Kama moyo mgumu ungetosha, Wagusii wangebaki na mifugo yao.