Kusita kupanda basi la Mahama siyo ukaidi



Leo nataka kuongelea neno moja linalosemwa sana hapa Rusizi kila mara orodha ya safari inapobandikwa: "ukaidi". Mtu amekimbia vita, amevuka na watoto, amefika kituo cha muda cha Nyarushishi, amepewa blanketi na sahani. Baada ya muda anaambiwa atahamishiwa kambini, Mahama. Anasema hapana. Au anasema ndiyo, halafu siku ya basi haonekani. Hapo tunasikia: "Hawa watu ni wakaidi, wanapelekwa pazuri wanakataa." Mimi ni mtu wa kujitolea tu, kazi yangu ni kutafsiri na kubeba maneno kati ya hangari na ofisi. Naona huyo mtu ana maswali ambayo hakuna aliyeyajibu. Akijibiwa vizuri, wengi watapanda basi kwa miguu yao wenyewe.

Kwanza tuangalie ramani, maana wengine wanaotusoma hawajafika huku. Rusizi, ile ambayo wazee bado wanaiita Cyangugu, iko kona ya kusini-magharibi ya Rwanda. Ukisimama Kamembe unaiona Bukavu kwa macho. Bugarama inatazamana na Kamanyola, katikati ni mto. Watu wa huku waliuzoea mpaka kama barabara: asubuhi soko la ng'ambo, jioni nyumbani. Vita vilipofika Bukavu Februari 2025, na Uvira mwezi wa Desemba mwaka huohuo, watu walivuka wakiwa na wazo moja: tutulie hapa kidogo, tuone. Mahama sasa iko wapi? Iko wilaya ya Kirehe, mashariki kabisa, kando ya mto Akagera, karibu na Tanzania. Unapita msitu wa Nyungwe, unapita Huye, unafika Kigali, na bado safari haijaisha. Yaani unavuka nchi yote.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni ndugu. Nani alivuka na familia yote? Wachache sana. Baba alibaki kulinda nyumba, bibi hakuweza kutembea, mtoto mkubwa alikimbilia upande wa Burundi. Mama mmoja aliniuliza: "Nikienda huko, mwanangu akivuka kesho atanikuta wapi?" Hilo ni swali la mama, ukaidi uko wapi hapo? Huku mpakani laini ya Congo bado inashika rezo sehemu sehemu, na habari zinaletwa na mtu aliyevuka jana. Huko mashariki anaona atabaki kipofu.

Sababu ya pili ni shamba. Wengi wanatoka bonde la Ruzizi. Wameacha mpunga, mahindi, mihogo. Mkulima anahesabu misimu, hahesabu miezi ya ofisi. Anajua kwamba akikosa kurudi wakati wa kulima, mwaka mzima umepotea, na pengine shamba litakuwa na mwenyewe mwingine. Akiwa Nyarushishi anajiambia kwamba kukitulia atashuka Bugarama na kuvuka. Akiwa Kirehe atatoa wapi nauli ya kuvuka nchi nzima na watoto watano?

Sababu ya tatu ndiyo nzito, na haisemwi kwa sauti: watu wanaogopa muda. Kila Mkongomani hapa analijua jina la Kiziba. Kambi hiyo ya Karongi ilifunguliwa mwaka 1996, na mpaka leo iko. Kuna watu walizaliwa pale, wakasoma pale, wakaoa pale, na watoto wao wamezaliwa palepale. Gihembe ilifunguliwa 1997, ikafungwa 2021 kwa sababu ya makorongo yaliyokuwa yanakula kilima, na watu wake wakapelekwa Mahama. Kwa hiyo mtu akisikia "kambi" hasikii mwezi au miaka miwili. Anasikia maisha. Kituo cha muda, hata kama unalala hangari moja na familia nyingi, bado kinakupa neno "muda". Basi linaliondoa hilo neno.

Kwa sisi vijana kuna ya nne, nayo ni shule. Kule tulisoma kwa Kifaransa, na macho yetu yalikuwa kwenye mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari. Rwanda wanafundisha kwa Kiingereza tangu 2008. Kijana aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja amalize, akikubali kwenda kambini anakubali pia kurudi nyuma madarasa na kuanza lugha upya. Nawajua wanaokaa tu Nyarushishi bila daftari, wanangoja Bukavu itulie wakamalizie kule. Wakubwa wanawaona wavivu. Mimi naona wanalinda miaka kumi ya masomo.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana kuwaelewa watu siyo kuwadanganya. Kukaa karibu na mpaka kuna hatari, na hatari hiyo imeandikwa kwa damu ya watu wetu. Mwaka 1997 kambi ya Mudende, huku Rwanda, ilishambuliwa mara mbili, na waliookoka ndio walioanzisha maisha Gihembe. Tarehe 13 Agosti 2004, Gatumba, upande wa Burundi, hatua chache kutoka mpaka wa Congo, waliuawa wakimbizi zaidi ya 150 usiku mmoja. Mkataba wa nchi za Afrika kuhusu wakimbizi, ule wa 1969, unasema nchi inayopokea iwaweke wakimbizi mbali kiasi na mpaka wa nchi waliyotoka, kwa ajili ya usalama. Kwa hiyo kuhamishwa siyo adhabu. Tena kituo cha muda hakikujengwa ili mtoto akulie pale. Mahama, watoto wa wakimbizi wanasoma na wenyeji katika shule za Paysannat. Kuna kituo cha afya, kuna soko, kuna watu wanaofanya biashara zao.

Lakini haya nani anawaambia? Mara nyingi mtu anasikia jina lake kwenye megafoni, anaambiwa saa ya basi, basi. Pale ambapo hakuna maelezo, uvumi unajaza nafasi. Utasikia kwamba ukiingia Mahama huruhusiwi kutoka tena. Utasikia wengine wanasema kinyume chake, kwamba ukifika tu utapandishwa ndege ya Marekani. Yote mawili yanaharibu. Mlango wa Marekani kwa wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, na familia zilizokuwa zimekwisha kuuza vitu zikisubiri ndege zilibaki zimekaa.

Na kwa kuwa nimetaja Marekani: wakati ule mlango ulikuwa wazi, si tulibishana sana kuhusu jimbo? Huyu hataki North Dakota kwa sababu ya baridi, yule hataki Texas kwa sababu mwaka 2020 gavana wake alisema hapokei wakimbizi wapya, mwingine anataka kwenda alipo shangazi yake. Hakuna aliyewaita wakaidi. Wenye mradi wenyewe walikuwa wanauliza, "Una ndugu huko? Yuko mji gani?" na walijaribu kukupeleka karibu naye. Kama swali hilo lina maana kwa mtu anayekwenda kuvuka bahari, kwa nini lisiwe na maana kwa mama anayevuka Nyungwe?

Kwa hiyo naomba mambo machache, na hayahitaji pesa nyingi. Wakubwa wa mashirika, kabla ya orodha kubandikwa, kaeni na watu kwa Kiswahili, Mashi, Kifuliiru na Kinyamulenge, mjibu maswali manne: ndugu yangu atanipataje, nikitaka kurudi kwetu nafanyaje, mtoto wangu ataingia darasa gani, na nitakula nini mwezi wa kwanza. Jibu likiwa baya, semeni baya. Tangu 2021 msaada wa chakula unatolewa kulingana na hali ya familia, siyo sawa kwa wote. Mtu ni afadhali alijue hapa kuliko kulikuta huko. Leteni watu wawili watatu wanaoishi Mahama waje waseme wenyewe, mazuri na mabaya. Na msitenganishe majirani waliovuka pamoja kwa sababu tu basi limejaa.

Vijana wenzangu, sisi tuna sehemu yetu. Tusirushe ujumbe wa sauti ambao hatujui umetoka kwa nani. Tuwasaidie wazazi kwenda kwa watu wa Msalaba Mwekundu kuandikisha ndugu waliopotea kabla ya safari, maana kazi hiyo wanaifanya pia kambini. Na tuseme ukweli kwa anayetaka kujificha siku ya basi: ukitoroka bila karatasi unabaki Kamembe bila msaada, au unarudi ng'ambo kabla ya wakati kwa sababu ya woga wa basi, na hilo la pili linaweza kukuua.

Mtu anayesita anatuonyesha kitu ambacho bado anakithamini: mwana, shamba, diploma. Siku atakapokubali kwenda popote pale bila kuuliza hata swali moja, hapo ndipo sisi wa kujitolea tuanze kuogopa.