Mchoro kwanza, turubai baadaye

Kuna viongozi wa mashirika na wa serikali wanaosema kwamba kuwaonyesha raia mchoro kabla ya kusimamisha kitu kwenye ardhi yao ni kupoteza wakati. Eti mwenye shida anahitaji turubai, si karatasi. Wanaosema hivyo ndio wanaogawa maturubai; hawalali chini yake. Mkimbizi mmoja aliyeitwa Christo aliwajibu zamani kwa kazi yake.

Christo alizaliwa mwaka wa 1935 huko Gabrovo, Bulgaria. Januari 1957 alitoroka utawala wa kikomunisti, akajificha ndani ya treni ya mizigo mpaka Vienna. Alikaa miaka 17 bila uraia wa nchi yoyote, hadi Marekani ilipompa uraia mwaka wa 1973. Ndiye huyo ambaye, pamoja na mkewe Jeanne-Claude, alikuja kujulikana duniani kwa kutandaza vitambaa vikubwa juu ya mabonde, visiwa na ziwa, kwa siku chache tu, kisha kuviondoa.

Kila kazi ilianzia kwenye karatasi. Christo alichora kwa penseli, makaa na rangi jinsi mahali patakavyoonekana. Pembeni aliweka ramani na vipimo, pengine hata kipande cha kitambaa chenyewe. Michoro hiyo ndiyo iliyouzwa ili kulipia kazi. Wawili hao hawakupokea pesa ya serikali wala ya mfadhili. Na kazi ikiisha kusimama, Christo hakuichora tena.

Katika jimbo la California walitaka kusimamisha ukuta wa kitambaa cheupe, Running Fence, urefu wa kilomita 39.4 na kimo cha mita 5.5, ukipita vilima na malisho mpaka kuingia baharini. Ardhi ilikuwa ya wafugaji 59. Basi ilibidi kuwaendea, kuwaonyesha, kuwaeleza na kuomba ruhusa. Palifanyika vikao 18 vya hadhara, na ripoti ya kurasa 450 juu ya madhara kwa mazingira. Wapo waliopinga, nao wakasikilizwa. Maandalizi yalichukua miezi 42. Ukuta ulikamilika Septemba 10, 1976, na baada ya siku 14 ukaanza kushushwa. Vifaa vyote wakapewa wafugaji.

Miaka mitatu na nusu ya kuomba ruhusa, kwa siku 14 za kitambaa!

Watu watasema hiyo ni michezo ya matajiri. Ni kweli, kitambaa kile hakikumkinga mtu na mvua. Ni kweli pia kwamba mchoro hauzuii kila baya: mwaka wa 1991, katika kazi yao ya miavuli, mtu mmoja alikufa California na mwingine Japani. Lakini hoja hiyo inawarudia wenye kuisema. Ikiwa kitu cha kutazamwa tu kilistahili vikao 18, je, nyumba ya mama mwenye watoto watano inastahili vingapi?

Vita haisubiri vikao, hilo kila aliyekimbia usiku analijua. Wiki ya kwanza, turubai lije bila maswali. Lakini mwaka wa pili na wa tatu, haraka hiyo inatoka wapi? Kambi inaitwa ya muda, na watoto wanazaliwa humo, wanaanza shule humo. Mwenye shamba hajui atarudishiwa lini ardhi yake. Mkimbizi hajui choo kitachimbwa wapi mpaka aone shimo mbele ya hema lake. Kisha, kama ilivyoonekana kandokando ya Goma Februari 2025, kambi zinavunjwa kwa siku chache, na waliolala humo ndio wa mwisho kuelezwa.

Mchoro ni heshima. Anayeuonyesha anampa mwenzake nafasi ya kusema hapana, au ya kusema sogeza hapa. Anayeuficha amekwisha kuamua peke yake.

Basi gari la shirika au la serikali likifika na nguzo na maturubai, raia na wakimbizi waulize pamoja: mchoro uko wapi? Nani aliulizwa? Vitaondolewa lini, na vifaa vitabaki kwa nani? Wafugaji 59 wa California walijibiwa. Wakaaji wa Kivu nao wajibiwe.